Dayodi Mbili za Mjomba Saidi

Kizota, Dodoma
Jumapili asubuhi

Mjomba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha nikaweka kalamu chini nikasubiri, kama nilivyokuwa nikisubiri mlangoni pa karakana kila asubuhi mpaka uinue macho kwenye kazi useme, "Marahaba, Hamisa, ingia." Leo ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Hapa nyumbani yametokea mambo yanayokuhusu, na lipo jambo moja nililolifanya mimi ambalo hulijui. Au unalijua. Hilo ndilo linanisumbua zaidi, kwamba huenda ulilijua.

Mkeo Bi Asha hajambo. Amemaliza eda majuzi, na siku ile ile akafagia uwanja mzima mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Magoti yanamsumbua. Karakana sijaifunga. Watu walidhani nitarudi Kondoa kwa mama, maana mwanamke atakaaje peke yake na pasi ya kuyeyushia risasi na rundo la redio, lakini wameanza kuzoea. Wapo bado wanaoingia wakiuliza fundi yuko wapi, nami nawaambia mnaongea naye. Kazi zenyewe zimebadilika. Maduka ya kule barabarani yamejaa redio kaseti za Dubai, zimepangwa mpaka barazani, na zikiharibika hazifunguki, zimegandishwa kwa gundi. Redio za valvu, zile zenye chupa za kioo ndani, wanaleta wazee tu. Valvu ulizoacha kabatini zimebaki saba.

Sasa nikueleze habari ya amplifaya ya Sospeter, yule mpiga gitaa.

Unakumbuka alivyoileta kwa mkokoteni, lile sanduku la mbao la kukuzia sauti lililokuwa la bendi ya shirika moja la umma. Shirika lilivunjwa, vyombo vikauzwa, na bendi ya Sospeter ikaambulia hilo. Ndani tulikuta kiota cha panya na kadi ya mwaliko wa harusi. Ulilifanyia kazi wiki mbili. Siku lilipowaka, zile chupa nne za kioo zikaanza kuiva taratibu, rangi ya chungwa, ukaniita: "Hamisa, njoo uone kitu kinachopumua."

Halafu Sospeter akarudi na kaseti. Unamjua, hawezi kueleza jambo kwa maneno, akaiweka tu tusikilize. "Fundi, nataka solo langu likwaruze hivi." Mwenye baa alikuwa amemwambia vijana siku hizi wanataka disko, na kama bendi haitakuwa na kitu kipya ataleta disko kweli, atoe bendi. Ulisikiliza umeinamisha kichwa, ukamwambia afungue sauti mpaka mwisho, valvu zikizidiwa zitakwaruza zenyewe. Akajaribu. Chupa za bia zikatembea mezani, majirani wakaja. Na mimi nikakwambia, Mjomba, kwa mwendo huo valvu zitaungua, na hakuna nyingine.

Nikasema ipo njia. Tulifundishwa chuoni. Sauti ya gitaa inakwenda kama mawimbi, inapanda na kushuka. Unaweka transista mbili ziyasukume yale mawimbi yawe makubwa, kisha dayodi mbili, moja imetazama huku na nyingine kule, ziyafyeke juu na chini. Sauti iliyofyekwa hivyo ndiyo inayokwaruza. Baada ya hapo unaipeleka kwenye valvu, nazo zinafanya kazi yake kwa raha, hazizidiwi. Ni vitu vidogo, vinaenea kwenye kiganja, havina cha kuungua.

Uliweka kikombe chini. "Valvu ina pumzi. Hizo zako ni kokoto. Unataka nimtie mtu mzima meno ya kokoto?"

Tulibishana siku tatu. Ya nne ukaumwa.

Ulipolazwa chumba cha ndani, miguu imevimba na daktari amekataza usinyanyuke, Sospeter alikuja akakaa pale kwenye ngazi. Nikamwonea huruma. Lakini sitamsingizia yeye. Nilitaka pia kukuonyesha. Nilitaka upone, utoke, usikie, uniambie kwamba nilikuwa sahihi.

Transista nilikuwa nazo. Dayodi nilizokuwa nazo zilikuwa zile nyeusi za siku hizi, na sauti yake ilikuwa kama bati linalokatwa. Sospeter akatikisa kichwa. Nilihitaji zile za zamani, za kioo, zinazokata polepole, na dukani hazipo. Zilikuwepo mahali pamoja tu humu ndani.

Siku ya kwanza nilipoanza kazi kwako ulinionyesha kwa kidole rafu ya juu, kwenye ile redio ya kijivu yenye waya unaopanda mpaka paani. "Ile usiiguse." Miaka sita nilifanya kazi chini yake. Nilijua ni redio kol, ya kuongea huku na huku, uliyobaki nayo tangu zile siku zako za shirika la nafaka. Nilidhani unaitunza kwa kumbukumbu. Na kila siku baada ya chakula ulinifukuza karakana: "Jua kali hili, nenda kapumzike mpaka adhana ya alasiri." Nilidhani ni wema. Niliwaambia watu, mjomba wangu si kama mafundi wengine, ananipa muda wa kupumzika.

Niliishusha, Mjomba. Nikaifungua, nikachomoa dayodi mbili, nikairudisha mahali pake. Nilijiambia nitazirudisha kabla hujapona.

Sospeter alipopiga, sauti ilitoka nene, imechanika pembeni, kama shuka zito linaloraruliwa taratibu. Akafumba macho. Nami nikasimama katikati ya karakana nikijiona fundi kuliko wewe. Baadaye Bi Asha alitoka chumbani akauliza ni nani aliyekuwa akiita. Nikamwambia hakuna, ni gitaa. Akasema, "Mjomba wako anasema kuna mtu anaita." Tulidhani ni homa.

Wiki ya tatu ya ugonjwa wako, Ijumaa.

Nilikuwa nimekwenda sokoni. Bi Asha alikuwa amejilaza. Nilirudi yapata saa tisa na nusu, nikakuta mlango wa karakana umefungwa kwa ndani, nikazunguka nikaingia kwa mlango wa uani.

Watu wote wanajua ulikutwa umelalia mikono yako juu ya meza, umetulia. Hivyo ndivyo nilivyowaambia. Bi Asha anamshukuru Mungu mpaka leo kwamba ulikwenda kwa amani, umeinuka kidogo kukaa na vyombo vyako, usingizi ukakuchukua. Waliokuja msibani walimfariji kwa maneno hayo hayo, nami nilikuwa nikipita na kahawa nikiyasikia.

Nilichokiona ni hiki. Redio ilikuwa mezani. Kifuniko kimetolewa, skrubu zimepangwa kwenye kisahani kama unavyopanga. Vile vya kusikilizia vilikuwa masikioni mwako. Mkono wa kushoto umeshika kile kipaza sauti chenye kitufe, na kidole gumba bado kilikuwa kimekibana. Ulikuwa na joto. Na mbele ya uso wako, wazi, zilikuwa nafasi mbili tupu, na risasi yangu mpya inang'aa kandokando.

Nilikuvua vile vya masikioni. Nikakunjua vidole vyako kimoja kimoja. Nikafunga kifuniko kwa skrubu mbili tu, nikaipandisha redio rafuni. Nikazimimina skrubu zilizobaki mfukoni mwangu. Ndipo nikamwita Bi Asha.

Sijamwambia mtu hilo hapa Kizota. Wewe ndiye wa kwanza, na wewe ulikuwepo.

Ilipopita arobaini yako, Sospeter akaja na mkokoteni. Safari hii alikuwa haji kutaka kitu. Alishusha sanduku, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Dada Hamisa, humu ndani kuna mtu."

Nilicheka. Nikamweleza kwamba dayodi ndiyo moyo wa redio za kwanza kabisa, ikikaa karibu na mtambo wenye nguvu inaweza kudaka matangazo yenyewe bila kuombwa. Nikamwambia siku hizi kila mtu anafungua kituo cha redio, utakuwa umedaka kimoja. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Ila anayeongea anaongea Kirangi."

Hakuna redio nchi hii inayotangaza kwa Kirangi chetu, Mjomba. Nikasema basi ni redio kol ya misheni, au ya wenye malori. Akasema sawa tena. Akaniachia sanduku na hakurudi kuliulizia.

Siku iliyofuata niliwasha. Sikuunganisha gitaa, sikuunganisha kitu chochote. Nilikaa nikichoma waya za redio ya mtu. Amplifaya ilikuwa inanguruma kidogo kama kawaida yake. Saa tisa na robo mngurumo ukashuka, kama mtu ameweka kiganja kwenye spika. Kisha mkwaruzo, kama nyayo kwenye mabua makavu ya mtama. Kisha wewe.

Hukupaza sauti. Uliongea kama unavyoongea na mtu aliye chumba cha pili. "Hassani. Hassani. Unanisikia?" Mara tatu, na baina ya kila mara ukanyamaza, muda wa mtu kuweza kujibu. Halafu mlio mdogo wa kitufe kinachoachiwa. Mngurumo ukarudi.

Pasi ya risasi iliniunguza paja, nikaitoa bila kuhisi.

Nilifanya yote uliyonifundisha kufanya chombo kinapokuwa na hitilafu. Nilikata waya wa kuingizia sauti. Kesho yake, saa tisa na robo, ukaita. Nilizima upande wa transista, ukaita. Nilihamishia sanduku kwenye stoo, nikalizungushia mabati pande zote, nikaita jirani anisaidie kubeba, maana baada ya hapo nilikuwa sitaki kuligusa peke yangu. Ukaita ndani ya mabati. Kisha ikaja siku ya mgao, umeme ulikatika tangu asubuhi. Najua kapasita, zile za kuhifadhi umeme, hushika moto wake baada ya kuzimwa, wewe ndiye uliyenipiga kofi mkononi siku nilipotaka kusahau. Lakini hazishiki kutwa nzima. Saa tisa nilikaa mbele ya sanduku, nikaweka kiganja juu ya valvu. Baridi kama kioo cha dirisha. Nikasema leo. Leo hutaita.

Uliita mara tatu, kama siku zote. Kioo hakikupata hata vuguvugu mkononi mwangu.

Siku hiyo sikufunga mlango wa stoo. Nilipogeuka Bi Asha alikuwa amesimama kizingitini, mikono inadondosha maji, alikuwa anaosha vyombo. Sijui alisimama hapo tangu lini. Uso wake haukuwa na hofu hata kidogo.

"Ni yeye," alisema.

Akangoja. Spika ilikuwa kimya.

"Mbona haniiti mimi?"

Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila alasiri, anajitanda khanga, anakaa kwenye gunia la mkaa, anasikiliza unavyomwita ndugu yako, kisha ananyanyuka anakwenda kupika. Hakulia mbele yangu. Siku moja tu aliniuliza, bila kunitazama, kama nadhani ulikuwa na deni la maneno na yeye mwenyewe.

Alitaka aitwe imamu. Akaja, yule mrefu wa msikiti wetu, akakaa akasikia, akasoma, akakaa kesho yake akasikia tena. Nilidhani atasema tulivunje au tulichome. Alivaa viatu vyake akaniuliza, "Huyu Hassani yu hai?" Nikamwambia yu hai, ni mjomba wangu mkubwa, yuko Chemba. "Basi mleteni," akasema, akaenda zake.

Mama alinieleza zamani mlivyoachana. Kwamba bibi, mama yenu, alipofariki, dereva wa lori alikuletea habari asubuhi, nawe ulikuwa unamalizia vipaza sauti vya sherehe ya serikali. Ukasema namaliza hiki naondoka. Ulipofika kule vilimani walikuwa wamesharudi makaburini. Mjomba Hassani alikutazama akakuuliza swali moja tu, "Umemaliza kazi?" na hamkuongea tena. Mama alisema miaka kumi na moja. Nilijua hivyo tu. Nilikwenda Chemba nikidhani nakwenda kumpa mtu habari.

Nilimkuta zizini anafunga mbuzi wa mnada. Ana mikono yako, Mjomba, hata ule mtindo wa kushika kamba kwa vidole viwili. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mama, za mvua, za Bi Asha. Hakuniambia nikae. Ndipo nikasema, kwa sababu sikuona namna nyingine ya kusema, "Mjomba, Mjomba Saidi anakuita."

"Najua," akasema. "Ameniita miaka kumi na moja."

Akanipeleka kwenye kibanda chake cha nafaka. Redio ilikuwepo, pacha wa ile ya rafuni, imewekwa juu ya kreti na betri ya lori pembeni. Akanieleza. Kwamba shirikani wewe ulikaa Dodoma na yeye ghala la Chemba, na kila siku saa tisa na robo ulimwita akupe taarifa ya siku. Shirika lilipokufa hakuna aliyekuja kuchukua redio. Baada ya msiba wa bibi alidhani utaacha. Kesho yake saa tisa na robo ukamwita. Na keshokutwa. Alikuwa anawasha, anakaa, anakusikiliza, anazima. "Sikukosa hata siku moja," aliniambia. "Kuitikia ndiyo sikuitikia. Nilisema ataacha yeye kwanza."

Nikauona mlango wa karakana uliofungwa, Mjomba, na mimi nimelala chumbani nikikusifu kwa wema wako.

Kisha ulipougua ukanyamaza. Wiki ya kwanza alidhani umechoka. Ya pili hakula vizuri. Wiki ya tatu alikuwa anakaa mbele ya redio tangu adhuhuri. Na Ijumaa ile, saa tisa na robo, ukaita.

"Nilijibu," akasema. "Nilibana kitufe nikamwambia, nipo, Saidi, nakusikia. Akaita tena. Nikajibu tena. Akaita mara ya tatu, pole pole, kama mtu asiyesikia kitu. Nikajibu kwa nguvu mpaka mke wangu akaja mbio. Akanyamaza."

Habari ya kifo ilimfikia Jumamosi jioni, umeshazikwa. Hakuja. Alisema angekuja kusema nini. Aliamini ulimsikia, ukamfanyia kama alivyokufanyia, ukafa ukiwa umemkatalia. Miezi yote hiyo alikuwa anaishi na hilo.

Mimi nilijua kwa nini hukusikia. Hizo dayodi mbili hazihusiki na kuongea. Zinahusika na kusikia tu. Ungeweza kuita mpaka kesho na sauti yako ingefika Chemba safi kabisa. Ya kwake ndiyo isingeingia.

Nilimwambia. Nilisimama pale kwenye kibanda cha nafaka nikamwambia yote, rafu, risasi yangu, vile vya masikioni, kidole gumba, skrubu mfukoni. Nilitegemea anipige. Kwa kweli nilitaka anipige. Alikaa kwenye gunia, akashika magoti yake, akakaa muda ambao mbuzi mmoja alifungua kamba akaondoka na hakuna aliyemfuata.

"Basi hakunisikia," akasema.

Akarudia, safari hii akishusha pumzi. "Hakunisikia tu."

Tulipanda gari pamoja kesho yake.

Siku ya kwanza ulipomwita aliondoka stoo bila kuvaa viatu, akasimama nyuma ya nyumba amegeukia ukuta mpaka magharibi. Bi Asha alimpelekea maji akamwekea chini, hakumsemesha. Siku ya pili alioga, akavaa kanzu, akaswali, akakaa mbele ya sanduku saa tisa kamili kama mtu anayesubiri daktari. Niliwasha. Bi Asha alikaa kwenye gunia lake. Mimi nilisimama mlangoni.

Uliita mara moja.

"Nipo, Saidi," akasema kwa Kirangi. "Nakusikia. Nilikuwa nakusikia siku zote."

Mngurumo ulikuwa umeshuka kama kawaida, lakini safari hii haukurudi. Ulibaki chini, karibu kimya, kama mtu aliyezuia pumzi ili asipitwe na neno. Hukuita mara ya pili. Na yeye akaanza kukupa taarifa. Sikujua atasema nini, nilidhani ataomba radhi, ataeleza. Akakupa taarifa, kama zile za shirika, mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa kwanza mvua ilikuwa hivi, mtama ukawa hivi. Nani alioa, nani alizaliwa, ng'ombe gani alikufa. Kisima cha bibi kilivyokauka na kilivyorudi. Wapi alipofukia kitovu cha mjukuu wake, na kwamba amemwita Saidi. Aliongea mpaka adhana. Mara nyingine alikatisha katikati ya neno akasikiliza, akaguna, akaendelea. Mara moja alicheka.

Bi Asha hajui Kirangi, wewe wajua, mtu wa mjini. Alinivuta nguo akanong'ona, "Wanasema nini?"

Hakusema "anasema". Alisema "wanasema". Mimi nilikuwa namsikia mmoja tu. Nimekaa na swali hilo wiki mbili na sijathubutu kumuuliza alisikia nini.

Tangu siku hiyo hujaita. Nimekaa stoo kila alasiri kuhakikisha. Mjomba Hassani amerudi Chemba. Kabla hajaondoka nilichomoa dayodi zako kwenye amplifaya nikazirudisha kwenye redio, nikachomea upya, safari hii vizuri, na skrubu zote nimezirudisha. Aliniomba nisiiwashe, nami sijaiwasha. Amekwenda kaburini mara mbili. Mara ya pili walikwenda na Bi Asha, wakarudi wanabishana kuhusu wapi pa kuweka jiwe, na wote wawili walikuwa wamechangamka kidogo.

Sospeter nimemwekea dayodi nyingine, nyeusi za dukani, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, ili zisifyeke sawasawa. Sauti si ya bati tena. Inafanana na mtu anayekohoa akiwa anacheka. Watu wa baa wanaipenda, disko halijaletwa bado. Valvu zile nne bado ni nzima, hazijaungua hata moja. Ungesema ni kokoto. Bado nasema zinafaa, Mjomba, na hilo tutabishana siku nikija huko.

Limebaki jambo moja. Mjomba Hassani alipokuwa anapanda gari aliniambia kwamba kitu alichomwambia Bi Asha ni kwamba mligombana na mmepatana, basi. Mengine ameniachia mimi. Hakunisukuma. Na mimi kila siku naamka nikisema leo, kisha ananipa chai, ananiambia tena jinsi ulivyokwenda kwa amani, nami naipokea chai. Namnyang'anyaje hilo, na ndicho alichobaki nacho? Lakini nilimwona Mjomba Hassani akishusha pumzi pale kibandani. Na nimemwona Bi Asha akiuliza kwa nini humwiti. Anadhani ulikuwa na chumba cha moyo wako ambacho hakuruhusiwa kuingia. Anastahili kujua kwamba ulinyanyuka kitandani na miguu ile, ukatembea mwenyewe mpaka karakana, na ni nani aliyekuwa amekuzibia masikio. Akitaka kunifukuza, nitabeba begi langu nitaondoka, na kabati la valvu nitamwachia yeye.

Mjomba, uniwie radhi. Sisemi zaidi ya hapo, hukupenda maneno mengi juu ya kazi iliyoharibika, ulipenda mtu aseme ni wapi alipokosea na achukue bisibisi. Mungu akupe wasaa huko uliko, wewe na bibi. Nakuahidi sitafunga tena kifuniko juu ya kitu nilichokiona.

Ni saa nne kasoro. Bi Asha yuko uani anachambua mlenda, nasikia majani yanavyoanguka kwenye ungo, na ananiita nikamsaidie. Naweka kalamu. Naenda kukaa naye, na nitaanzia kwenye rafu.

Mpwa wako,
Hamisa